Hotuba juu ya Vyombo vya Kazi Viendeshwavyo kwa Nguvu za Umeme

(Ilisomwa na Kamati Ndogo ya Mafundi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Tumepewa nafasi ya kusema mbele yenu, nasi twashukuru. Kwa desturi saa hii ya mkutano hupewa mtu mwenye elimu kubwa, au shekhe, au daktari. Sisi tuliosimama hapa ni mafundi tu: maseremala wa Kisauni, wachomeleaji wa vyuma wa Changamwe, na mafundi wa nyumba wa Likoni. Kusema si kazi yetu, kazi yetu ni ya mikono. Na hata katika mikono hiyo, kama mwonavyo, si sote tulio na vidole kumi.

Sababu ya hotuba hii ni hesabu za Chama. Bwana Mweka Hazina amekwisha kuwasomea taarifa yake, nanyi mmesikia fedha zilizotoka kwa maziko na zilizotoka kwa wagonjwa. Alipokuwa akiiandika taarifa hiyo alituita, akatuonyesha ya kuwa miongoni mwa waliosaidiwa wamo vijana walioumizwa si kwa gari wala kwa maradhi, bali kwa vyombo vyao wenyewe vya kazi. Akatuuliza, "Ninyi mafundi, mwafanya nini huko?" Hatukuwa na jawabu siku ile. Tumelitafuta, na jawabu tulilolipata halitupendezi sana, kwa maana linatugusa sisi, na linawagusa wazee pia.

Umeme si mgeni Mombasa. Kampuni ya umeme ya mji huu iliundwa mwaka 1908. Mwaka 1922 ikaungana na ile ya Nairobi ikawa East African Power and Lighting, nayo mwaka 1983 ikageuzwa jina kuwa Kenya Power and Lighting. Baadhi yenu mwakumbuka kusimama Likoni usiku na kutazama taa za kisiwani, hali nyumbani mmeacha koroboi. Leo umeme huzalishwa hata huku huku bara, pale Kipevu, na hakuna mtaa, iwe Magongo, Mtongwe au Mtopanga, usiosikika sauti ya msumeno wa umeme tangu asubuhi.

Fundi alipokuwa akitumia tezo, msumeno wa mkono na keekee ya kuzungusha, nguvu za chombo zilikuwa nguvu zake mwenyewe. Mkono ukichoka, na chombo kilitua. Akijikata, maumivu yalimfanya aache kusukuma, na jeraha likaishia pale. Wachongaji wa Kikamba wenye chama chao cha ushirika Changamwe tangu mwaka 1963 wanajulikana kwa tezo, na tezo hukata vidole pia, hatukatai. Lakini chombo cha umeme hakina habari ya mkono uliokishika. Mkono ukiacha kusukuma, chenyewe chaendelea.

Tuanze na grainda, kwa sababu ndiyo iliyotupa taabu kubwa kuliko vyombo vyote.

Grainda ndogo, ambayo vijana wetu huishika kwa mkono mmoja ingawa imetengenezwa ishikwe kwa miwili, huchukua diski yenye upana wa milimita 115, yaani inchi nne na nusu. Huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mtu akipiga hesabu ataona ya kuwa ukingo wa diski hiyo hukimbia karibu kilomita 240 kwa saa. Matatu iendayo Malindi hairuhusiwi na sheria kupita kilomita 80. Grainda kubwa huchukua diski ya milimita 230, yaani inchi tisa, lakini yenyewe huzunguka polepole zaidi, kama mara 6,600 kwa dakika. Na waliotengeneza diski hiyo wameandika juu yake mwendo usiopasa kupitwa.

Basi kijana akikosa grainda kubwa hufanya nini? Hufungua kifuniko cha chuma cha ile ndogo, maana kikiwapo diski kubwa haiingii, kisha akaitia ya inchi tisa. Chuma hukatika upesi, bosi wake hufurahi, naye huitwa hodari. Hajui ya kuwa ukingo wa diski hiyo sasa wakimbia zaidi ya kilomita 470 kwa saa, hali ya kuwa imetengenezwa kustahimili 288 basi. Diski ni chembe ngumu zilizoshikanishwa kwa gundi, na nyavu za nyuzi ndani yake. Ikipasuka katika mwendo ule haianguki chini kama sahani. Huruka vipande vipande, na kile kifuniko kilichotupwa pembeni ndicho kilichowekwa ili kuvizuia visimfikie mshikaji.

Kuna jambo jingine juu ya diski, nalo hata baadhi yetu hatukulijua mpaka mwaka huu. Pale katikati, juu ya pete ya chuma, pamepigwa chapa ya mwezi na mwaka. Wengi wetu tulidhani ni alama za kiwandani tu. Kumbe hiyo ndiyo tarehe ambayo ikipita diski haifai tena kutumiwa, nayo ni miaka mitatu tangu kutengenezwa. Gundi yake hudhoofika kwa muda na kwa unyevu, nasi twakaa katika nchi ambayo hata chumvi mezani hulowa. Diski iliyokaa sakafuni mwa kibanda tangu masika ya mwaka juzi yaweza kuonekana nzima, lakini mwenye busara haitii katika mashine.

Sasa twaomba ruhusa kueleza habari moja, bila kutaja jina la mtu wala la karakana. Kijana mmoja, mwanagenzi, alikuwa akikata vyuma vya grili za madirisha upande wa Kisauni. Grainda yake ilikuwa kama tulivyoieleza: ndogo, haina kifuniko, imetiwa diski kubwa. Hakuwa na miwani. Diski ilipasuka, na kipande kimoja kikamwingia katika jicho la kulia. Jicho hilo halikupona. Tutairudia habari hii mbele, kwa sababu yaliyofuata baada ya hospitali yanatuhusu sisi kuliko yaliyotukia karakanani.

Jambo la pili ni umeme unapokatika. Hapa wanachama watacheka, kwani kila mtu ana hadithi yake. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliingia katika kituo cha umeme cha Gitaru, akaiangukia transfoma, na nchi nzima ikatiwa gizani kwa saa kadhaa. Mwenyewe tumbili akatoka salama. Tarehe 25 Agosti 2023 giza likaingia tena nchini usiku, na safari hii tumbili hakuhusika. Lakini katikati ya siku hizo kubwa ziko siku nyingi ndogo, ambazo stima hupotea nusu saa mtaani na hakuna gazeti linaloandika.

Nusu saa hizo ndizo tunazoziogopa. Seremala anapasua mbao kwa msumeno wa duara. Stima inapotea. Msumeno unasimama, naye haugusi tena, kwani kwake kazi imekwisha mpaka umeme urudi. Anakwenda kunywa chai, au kuswali. Swichi ya msumeno imeachwa pale pale ilipokuwa, imewashwa. Watoto wa nyumba, ambao hukatazwa kuikaribia meza ile kwa sababu ya kelele, sasa hawasikii kelele. Mtoto hupanda juu, hugusa meno, huyahesabu. Wanachama, hatuna haja ya kuendelea. Twasema tu ya kuwa mashine iliyonyamaza kwa kukosa umeme haijazimwa, na kwamba stima ikipotea mkono wa fundi uende kwanza kwenye plagi na kuichomoa ukutani. Afanye hivyo hivyo anapobadilisha diski, au meno ya msumeno, au ncha ya keekee. Kuzima swichi tu hakutoshi, maana swichi za mashine zilizozeeka hapa pwani hujaa vumbi na kutu, na nyingine hushikana zenyewe.

Hapo ndipo tunapofikia bahari. Hewa yetu ina chumvi na maji, na vyote viwili hupitisha umeme. Mashine iliyonunuliwa Nairobi ikaja kukaa Timbwani au Shanzu huzeeka mapema: waya wake hukauka na kupasuka, na unyevu huingia ndani ya mwili wake. Na sisi wenyewe huwa tumeloa jasho, na ngozi iliyoloa hupitisha umeme kwa wepesi kuliko ngozi kavu. Fundi wa nyumba asimamaye na ndara juu ya sakafu iliyomwagiwa maji, akitoboa ukuta kwa keekee ambayo waya wake umefungwa kwa gundi ya karatasi, ameukusanya msiba wote mahali pamoja.

Wengi husema, "Plagi ina fyuzi, fyuzi itakata." Twataka wanachama walielewe hili barabara, kwa sababu ndilo lililotudanganya miaka mingi. Umeme wa nyumba zetu ni volti 240. Fyuzi ya plagi kubwa ni ya ampea 13, nayo haikatiki mpaka umeme uupite mno mpaka huo. Lakini umeme wa ampea moja ya kumi tu, ukipita kifuani mwa mtu, waweza kuuvuruga moyo ukaacha kusukuma damu. Basi mtu atakuwa amekwisha kufa, na fyuzi ingali nzima. Fyuzi iliwekwa kuulinda waya usishike moto. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu.

Kimlindacho mtu ni vitu vitatu. Cha kwanza ni waya wa kupeleka umeme ardhini, ule wa rangi ya kijani na manjano, ambao vijana wengi huukata na kuutupa wakisema hauna kazi. Cha pili ni mwili wa mashine yenyewe: mashine nyingine zina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake zimehamiwa mara mbili na hazihitaji waya huo wa ardhi, lakini zikipasuka au zikiingia maji, alama hiyo haina faida tena. Cha tatu ni kikata-umeme cha usalama. Hiki hupima umeme uendao na umeme urudio, na vikitofautiana kwa ampea 0.03, yaani umeme kidogo umepotea njia na huenda unapita mwilini mwa mtu, hukata mara moja, kwa muda usiofikia nusu ya sekunde. Kiko cha kufungwa katika sanduku la stima la nyumba, na kiko kidogo cha kuchomekwa ukutani, ambacho fundi aweza kukitia mfukoni akavuka nacho feri na kwenda nacho kila aendako. Katika karakana zote tulizozipitia kwa ajili ya hotuba hii tulikiona mahali pamoja tu.

Tuliona mengi mengine. Tuliona waya uliokosa plagi, ncha zake zimetiwa ndani ya soketi na kushindiliwa kwa vijiti vya kiberiti. Tuliona waya wa kurefushia uliozungushwa wote katika gurudumu lake na kutumiwa hivyo hivyo mpaka umepata moto, hali yapasa kufunguliwa wote kabla ya kazi nzito. Tulipouliza, tuliambiwa kila mahali neno moja: "Twafanya hivi siku zote."

Ikiwa mtu ameshikwa na umeme, asiguswe. Zima kwanza, au chomoa. Likishindikana hilo, msukume kwa ubao mkavu, nawe usimame juu ya kitu kikavu. Kisha, ikiwa hapumui, asimwagiwe maji wala asisubiri gari. Mlazeni chali, mmoja ampige magoti kando yake, amkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, wakati wengine wanatafuta gari. Kwa mtu wa Likoni jambo hili lina uzito wa pekee, maana akipelekwa hospitali kuu ya kisiwani aweza kuikuta feri imekwisha kuondoka.

Juu ya mavazi hatutasema mengi. Kanzu, kikoi na mikono mipana haviendi pamoja na kitu kizungukacho. Glovu ni njema kwa kubeba mabati, lakini karibu na keekee au msumeno wa duara glovu hunaswa, ikauvuta na mkono. Na vumbi la mbao si uchafu tu: tangu mwaka 1995 wanachuoni wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza saratani wamelihesabu katika vitu viletavyo saratani kwa wanadamu. Kitambaa cha pua si mzaha.

Sasa turudi kwa yule kijana wa jicho.

Wanachama wajua jinsi watoto wetu wanavyoingia katika kazi hizi. Wako waliobahatika kupita chuoni, kama wale wa zamani waliosoma MIOME, iliyoanza kufundisha mwaka 1951 na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Lakini walio wengi hawapiti huko. Mzee humshika kijana mkono, akampeleka kwa fundi amjuaye, akasema, "Huyu ni mwanao, mfundishe." Ndivyo alivyoingia kijana huyu. Mzee aliyempeleka ni mtu wa Chama hiki. Naye mwanagenzi hujifunza kwa kutazama. Akimwona fundi wake amevua kifuniko, huamini ya kuwa kukivua ndiko ufundi.

Kijana alipotoka hospitali tulikaa jamvini. Twasema tulikaa, kwa kuwa wawili katika sisi tunaosoma hotuba hii tulikuwapo, na wengine waliokuwapo wamo humu ndani. Fundi mwenye karakana alilia, akaomba radhi, akatoa fedha kidogo. Wazee wakasema ni ajali, na ni majaaliwa, na kwamba haifai kupelekana serikalini watu waliozikana. Tukasoma Fatiha. Tuliondoka tukijisifu ya kuwa tumeleta suluhu.

Baadaye tulionyeshwa sheria. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kuwawekea bima wafanya kazi wake, na yamhesabu mwanagenzi pamoja nao. Aliyeumia ana haki ya kudai, na muda wa kudai ni miezi kumi na miwili tangu siku ya ajali. Sheria nyingine ya mwaka huo huo, ya usalama na afya kazini, iliyochukua mahali pa ile ya zamani ya viwanda, yataka sehemu za hatari za mashine zizibwe. Nayo haikusema viwanda vikubwa peke yake, bali kila mahali mtu afanyapo kazi, hata chini ya mti. Tulipoyajua hayo, miezi kumi na miwili ilikuwa imepita. Kijana ana miaka kumi na tisa. Yale ya majaaliwa hatubishani nayo. Lakini kifuniko kilivuliwa na mkono wa mtu, nasi ndio tuliomfungia kijana mlango wa haki yake, kwa nia njema.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Kamati Ndogo yaleta maombi mbele ya mkutano huu. Twaomba mzee yeyote wa Chama, kabla ya kumpeleka kijana kwa fundi, aingie karakanani kwa miguu yake mwenyewe, aziangalie mashine, na akiona meno au diski iko wazi amrudishe kijana nyumbani siku hiyo hiyo. Twaomba jamvi lisikae juu ya ajali ya kazini mpaka habari zake zimekwisha kupelekwa katika ofisi ya serikali ya usalama kazini. Baada ya hapo wazee wapatanishe nyoyo, kwani hiyo ni kazi yao na hakuna sheria inayowanyang'anya. Na twaomba fedha. Tumesikia katika taarifa ya kuwa Halmashauri yakusudia kununua hema la tatu na sufuria nyingine mbili za maziko. Hatulipingi hema. Twauliza tu kama ununuzi wa sufuria hauwezi kungoja mwaka mmoja, ili Chama kinunue vikata-umeme vya usalama na miwani, viwekwe kwa Bwana Katibu, na mwanachama fundi aviazime kama anavyoazima viti.

Kifaa kimoja tumekuja nacho. Kiko pale mezani, karibu na birika, kimechomekwa ukutani. Kina kibonyezo kidogo kilichoandikwa herufi T, cha kukijaribia. Ukikibonyeza, umeme hukatika, nawe utasikia mlio wake. Tumeunganisha nacho taa, ili hata wazee waliokaa nyuma waone. Baada ya chai, mwenye kutaka kukijaribu kwa kidole chake aje, nasi tutakuwapo mpaka wa mwisho aondoke.